Vigelegele Marufuku Uwanjani

Sijawahi kuwaombea watu mabaya, isipokuwa wale wasichana kumi na wawili wa mpira wa kikapu. Hao niliwaombea wafungwe, kwa moyo wangu wote, tena baada ya swala, mikono nimeinua.

Hawakunikosea lolote. Walikuwa wasichana wa chuo kimoja cha Riyadh, wenye adabu zao, na mmoja wao nilimlea mwenyewe. Alikuwa binti wa nyumba niliyofanya kazi, pale mtaa wa Suwaidi. Nilipofika alikuwa na miaka kumi na moja na meno ya mbele yamepishana. Mwaka huo ninaousimulia alikuwa na ishirini, mrefu mpaka akiingia jikoni anainama. Akiniita khala, yaani mama mdogo. Lakini mimi nilikuwa na binti yangu wa kumzaa, mmoja tu, kule Likoni, naye alikuwa anaolewa. Na ruhusa yangu ya kwenda kumwoza ilikuwa imefungwa kwenye hiyo timu kama mbuzi kwenye kigingi.

Ilikuwaje? Madam alikuwa na maradhi ya mgongo, hawezi kukaa kwenye viti vya plastiki. Na nyumba ile ilikuwa na desturi yake: binti haendi mahali bila mwanamke wa nyumbani. Basi mwanamke wa nyumbani nikawa mimi. Kila mechi nakaa mwisho wa benchi na birika la gahawa, sanduku la tende na mkoba wa taulo. Nilipomwambia madam kuwa mwanangu anaolewa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, alinikumbatia, akalia kidogo, akasema, "Msimu wao ukiisha tu, baba wa nyumba atakutolea karatasi za kutoka na kurudi siku hiyo hiyo. Wallahi."

Nikakubali haraka. Maana timu ile, jamani! Ilikuwa imecheza msimu mzima haijashinda hata mara moja. Walifungwa Riyadh, wakafungwa Dammam, wakafungwa na chuo kimoja ambacho nusu ya wachezaji wake walikuwa na mafua. Sasa zilikuwa zimebaki mechi za mtoano, anayefungwa anarudi kwao. Timu zote nane ziliingizwa humo, hata ya mwisho, ili mtu asivunjike moyo. Nilipiga hesabu: robo fainali, wanafungwa, halas, yamekwisha, mimi nipo Likoni wiki tatu kabla ya harusi, nachagua leso na kugombana na wapishi.

Harusi hiyo nilikuwa na deni nayo la moyo. Miaka tisa nilikuwa Riyadh. Likizo nilikwenda mara tatu, na mara zote tatu zikaangukia wakati ambapo Likoni hakuna lolote linalotendeka. Mwanangu alipomaliza darasa la nane sikuwepo. Alipomaliza kidato cha nne sikuwepo. Alipovunjika mkono nilimwona kwenye simu, plasta imeshaandikwa majina na wenzake. Nikamwahidi: harusi yako sikosi, na kigelegele cha kwanza ni changu. Katika ukoo wetu ndivyo ilivyo. Habari ikitoka msikitini kuwa ndoa imeswihi, wanawake wote nyumbani wanamngoja mama. Mama akipiga cha kwanza ndipo nyumba inalipuka. Na tarehe haikuweza kusogezwa, kwa kuwa bwana harusi alikuwa mpishi wa melini na meli yake ilikuwa inaondoka Jumatatu.

Basi ikaja robo fainali. Wapinzani walikuwa na uhakika mno, wakamwacha nyota wao akafanye mtihani. Wetu kwa bahati tu wakawa wanaongoza kwa pointi moja, dakika ya mwisho. Mimi sikujua, nilikuwa namiminia kocha gahawa. Mara firimbi, ukumbi ukanyamaza. Nikainua macho. Nikaona wasichana wamejipanga safu mbili, wanatazamana, na msichana mmoja amesimama peke yake katikati, ametulia, kila mtu anamwangalia yeye.

Sasa niambie wewe. Mtu wa pwani, kichwa chake kimejaa harusi, anaona safu mbili za wanawake, msichana kasimama peke yake, watu kimya. Atadhani nini? Nilijua kinachotakiwa. Nikaweka birika chini, nikapiga kigelegele, tena kile cha kutoka tumboni, ambacho mama yangu alikuwa akisema kinasikika ng'ambo ya pili.

Msichana wa watu alishtuka, mpira ukampiga mwamuzi wa pembeni. Kumbe ulikuwa mtupo huru, ule anaopewa mchezaji aliyechezewa vibaya, na ilikuwa zamu ya wapinzani! Alikuwa na mtupo wa pili. Sikujua hilo pia, nikadhani sherehe inaendelea, nikapiga tena. Huo haukugusa hata chuma. Dakika ikaisha. Tumeshinda.

Wasichana waliniangukia. Binti wa nyumba aliniinua juu na birika langu mkononi. "Khala! Khala!" Mimi nikicheka pamoja nao kama mjinga, mpaka tulipofika kwenye gari ndipo akili ikanirudia: umefanya nini, mwanamke?

Kocha alikuwa mwanamke wa Kitunisia, mfupi, wa kuandika andika kila kitu. Kesho yake alinitumia ujumbe kwa madam: nihudhurie mazoezi. Wapinzani wa nusu fainali watakuwa wamesikia habari, watajibu kwa silaha ile ile, kwa hiyo wasichana wetu lazima wazoee. Basi nikawa nachukuliwa siku tatu kwa wiki, baada ya kupika chakula cha mchana, nasimama chini ya goli kama nguzo ya stima. Wao wanatupa, mimi napiga vigelegele. Saa nzima. Kocha ananipungia mkono, "Kwa nguvu, yalla!" Nikirudi nyumbani sina sauti hata ya kumwita paka. Madam akawa ananichemshia tangawizi na asali kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo katika miaka tisa sikuwahi kuliona. Baba, ambaye kwa kawaida ananiambia maneno mawili kwa siku, alinisimamisha mlangoni akaniuliza koo langu linaendeleaje.

Nikamwambia madam, "Madam, harusi ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Usisahau."

Akanishika bega. "Usijali. Nusu fainali watafungwa tu. Hawa hawajui kucheza."

Nikamshukuru. Akanifukizia ubani wa kunikinga na husuda, ili timu ishinde. Ukijaribu kuyaweka mambo hayo mawili pamoja kichwa kitakuuma, basi wacha.

Nusu fainali ilichezwa Riyadh vilevile, na kocha alikuwa amekisia sawasawa. Wapinzani walikuja na wanawake watano, wote wafanyakazi wa nyumbani kama mimi: Wahabeshi watatu, na Waganda wawili. Mganda mmoja aliniegemea kwenye foleni ya choo akanong'ona, "Dada, nimeacha mchele jikoni. Na wewe unalipwa ziada kwa hii?" Nikamwambia mafi, hakuna. Akatikisa kichwa. Tukarudi ukumbini kila mtu upande wake, tukaanza kuzomeana kwa furaha za harusi. Mwamuzi anapuliza firimbi, haisikiki. Kila mtupo huru ni kama kumpeleka bibi harusi nje. Msichana mmoja wa kwao aliziba masikio badala ya kushika mpira.

Sasa hapo mimi nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa nimebakiwa na siku kumi na mbili. Hawa watoto leo wanafungwa, watake wasitake. Nilifikiri hivi: kigelegele kimewapoteza wale wengine, basi kitawapoteza na hawa. Kila msichana wetu aliposimama kutupa, nilipiga. Dhambi gani hiyo, lakini nilipiga, tena nikimlenga masikioni. Wa kwanza akatumbukiza. Wa pili akatumbukiza. Binti wa nyumba alisimama kwenye mstari, akanigeukia akatabasamu, akatumbukiza yote miwili bila kuangalia goli sawasawa. Lahaula! Zaidi ya wiki nzima nilikuwa nawafundisha mwenyewe! Mtupo bila kigelegele ndio sasa uliowatia wasiwasi. Nilijipalia makaa kwa mikono yangu miwili.

Walishinda kwa pointi tisa. Waliniimbia kwenye basi. Nililia, wakadhani ni raha, wakaimba zaidi.

Fainali ikapangwa Jeddah. Siku gani? Ijumaa. Ijumaa ipi? Nadhani umeshajua.

Nilimwendea madam nikamwambia, safari hii bila kumung'unya maneno, "Madam, fainali ni siku ya ndoa ya mwanangu. Naomba karatasi zangu." Akasema inshallah. Nikamwendea baba, akasema muulize madam. Nikamwambia hata kocha. Akasema inshallah, huku anaandika kitu. Mara tatu nilisema, kwa watu watatu. Kisha ikaja barua kutoka kwa wasimamizi wa mashindano. Wamepokea malalamiko. Kuanzia fainali vigelegele ni marufuku uwanjani. Upande wowote utakaovunja amri hiyo, wapinzani wake watapewa mitupo miwili huru.

Nikafurahi, nikaona mlango umefunguka. "Basi madam, sina kazi tena. Niende kwetu."

"Hapana, lazima ukae pale. Wasichana wakikuona wanatulia. Utakaa tu."

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu. Mdomo umeufunga. Jumamosi karatasi zako unazo, na tiketi juu yangu."

Nilikwenda jikoni nikafunga mlango nikapiga ngumi gunia la mchele mpaka mkono ukafa ganzi. Mimi mama wa mtu, nipelekwe Jeddah nikakae nimefunga mdomo siku mwanangu anaolewa! Hasira niliyokuwa nayo ningeweza kuchemshia maji.

Nilimpigia mwanangu. Nilitegemea atalia. Nilisikia jogoo wa jirani anawika nyuma yake, naye akasema, "Mama, wewe washa simu tu. Khaloo, dada yako, atapiga habari ikitoka msikitini. Nitawaambia wote wangoje. Hakuna atakayefungua kinywa hapa mpaka kigelegele chako kisikike kwenye simu."

"Na nikichelewa?"

"Tutangoja."

Basi nilipanda ndege kweli, lakini ikaelekea Jeddah. Tulifikia kwa dada yake madam, mtaa wa Safa, nyumba yenye viyoyozi vingi mpaka nikalala na soksi. Nilikuwa nimejipangia vizuri. Ndoa ni baada ya swala ya Alasiri, na saa za Likoni na Jeddah ni zile zile. Mechi nayo ni baada ya Alasiri. Simu ikilia natoka nje, nafika kwenye ngazi, napiga kigelegele changu kwa mwanangu, narudi kukaa. Nani atajua?

Mechi ikaanza. Simu kimya. Ikafika mapumziko, nikatoka nikasimama kwenye ngazi, nikampigia dada yangu. "Shehe amekwama upande wa pili," akasema. "Feri ina foleni. Sisi tumeshapambika, tumekaa, mwari anatoka jasho." Nikarudi ndani. Robo ya tatu ikaisha, kimya. Robo ya nne ikaanza, na wale watoto wasiojua kucheza walikuwa wanacheza! Sijui nani aliwaroga. Wenyeji wa Jeddah walikuwa mabingwa, wana viatu vya rangi moja na bibi zao wamejaa viti vya mbele, lakini wetu walikuwa wanawakimbiza. Nikajikuta nimesimama. Nasema ukweli, siku ile kwa mara ya kwanza nilitaka washinde. Binti wa nyumba alikuwa amechubuka goti, damu inamtiririka, na hakutaka kutoka.

Tulikuwa mbele kwa pointi moja. Sekunde tisa. Kocha akaomba muda wa kuzungumza na wachezaji, akamaliza kuzungumza, wasichana wakarudi uwanjani, naye akaja kukaa pembeni yangu akanikamata kifundo cha mkono kwa mikono yote miwili. Alikuwa amegeuka mshirikina kabisa yule mwanamke wa karatasi. "Usiondoke," akasema. "Usisogee hata kidogo."

Simu ikatetema kifuani.

Niliitoa kwa mkono uliobaki, nikaipokea. Kwenye kioo alikuwa mwanangu. Hina mpaka viwikoni, asumini kichwani, macho yamepakwa wanja. Nyuma yake dada zangu, majirani, mashangazi wa upande wa kiumeni, wanawake kama arobaini. Wote wamefumba vinywa, na wote wananiangalia mimi. Sikuwa na haja ya kusikia kitu. Nilijua shehe amevuka.

Nilivuta mkono, kocha akakaza. Nilijaribu kusimama, akanining'inia. Nikaangalia uwanja: wasichana wetu kumi na wawili na hiyo pointi yao moja. Nikaangalia simu: mwanangu ameinua nyusi kidogo, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo akitaka kuniuliza kama nitarudi kabla ya giza. Walikuwa wanangoja. Alisema watangoja, na walikuwa wanangoja, nyumba nzima.

Nikapiga.

Sikupiga kidogo. Nilipiga cha miaka tisa. Kilipanda mpaka juu ya taa za ukumbi kikarudi. Na pale kwenye simu nyumba yetu ikalipuka, nikawaona wanawake wameruka, leso zimepaa, mwanangu amefunika uso. Halafu firimbi.

Mwamuzi alikuja mbio akininyooshea kidole mimi, mtu mzima. Mitupo miwili kwa Jeddah. Ukumbi mzima kimya, na msichana wao akasimama kwenye mstari, na hakuna aliyempigia kigelegele. Wa kwanza ndani. Wa pili ndani. Binti wa nyumba akakimbia na mpira zile sekunde tisa, akaruka, akatupa. Mpira ukazunguka chuma mara mbili ukatoka nje. Msimu umeisha.

Kocha aliuachia mkono wangu taratibu, kama mtu anayerudisha kitu dukani. Madam, aliyekuwa kwenye viti vya nyuma na mto mgongoni, alikuwa amejishika kichwa. Sikuwa na pa kuangalia. Binti wa nyumba alikuja akajitupa kwenye benchi, taulo usoni, anahema. Nikamwambia, "Nisamehe, binti yangu." Taulo likashuka, akaiona simu mapajani mwangu, bado imewaka, wanawake bado wanaruka.

"Nani huyo?"

"Mwanangu. Ameolewa sasa hivi."

"Leo?" Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Khala, leo? Kwa nini hukusema?"

"Nilisema," nikamwambia. "Nilisema mara tatu."

Aligeuka akamtazama mama yake kule nyuma, akamtazama kocha. Akaichukua simu mkononi mwangu, akaiinua mbele ya uso wake uliojaa jasho na machozi, akavuta pumzi, akapiga kigelegele. Kilikuwa kibaya! Birika la chai linapiga kizuri zaidi. Lakini mwenzake mmoja akamfuata, na mwingine, na bibi mmoja wa Jeddah kwenye viti vya mbele, ambaye sidhani alijua ni nini, akatoa kile chao cha Kihijazi wanachokiita ghatrafa, kikafunika vyote. Mwamuzi alikuwa na firimbi mdomoni. Hakuipuliza, mechi ilikuwa imeisha.

Karatasi zangu zilitoka Jumamosi kama madam alivyoahidi. Nilifika Likoni Jumapili asubuhi, harusi imekuwa masufuria ya kurudisha kwa majirani. Mwanangu alinifungulia mlango, hina bado nyeusi mikononi, akanikumbatia tukakaa hivyo pale kizingitini mpaka mguu ukaniuma.

"Mama, kilisikika," akaniambia. "Kilisikika mpaka barabarani. Lakini ile firimbi baada yake ilikuwa ya nini?"

Nikamwambia ilikuwa yake, watu wa Jeddah walikuwa wanamshangilia.